Mpanga Miji na Waliomtuma

Mapema mwaka 1934 Mjerumani wa miaka 47 aliingia Tanganyika na familia yake, akapata shamba upande wa Arusha, karibu na Mlima Meru, akawa mkulima wa kahawa. Kilimo hakikuwa fani yake. Miaka minne tu iliyotangulia alikuwa mkuu wa ujenzi na mipango wa Jiji la Frankfurt, na wasanifu majengo wa Ulaya nzima walifunga safari kwenda kutazama mitaa aliyoijenga. Aliitwa Ernst May.

Jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa aliishi Afrika Mashariki karibu miaka ishirini na kazi za mkono wake ziko Moshi, Nairobi, Mombasa, Kisumu na Kampala. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanamwonyesha mtu mmoja, mwenye elimu ileile na penseli ileile, akitumikia mabwana wa kila aina: baraza la jiji lililochaguliwa na wananchi, dola la Kikomunisti, serikali ya kikoloni, chama cha ushirika cha wakulima, na mwishowe kampuni ya nyumba ya vyama vya wafanyakazi. Ukizifuata kazi hizo moja baada ya nyingine, unaona kwamba ubora wa mji haukutegemea kipaji chake peke yake. Ulitegemea aliyemtuma, na zaidi ya hapo ulitegemea kama watu waliokuja kuishi humo walikuwa na namna ya kusema hapana wakasikika.

May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Akiwa kijana alikwenda Uingereza, akafanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin wakati Unwin akijenga kitongoji cha Hampstead nje kidogo ya London. Huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: kwamba mji ukikua hauna lazima ya kujazana kama mchanga kwenye gunia. Unaweza kutoa vitongoji pembeni, kila kimoja na shule yake, maduka yake na bustani zake, na kati ya kitongoji na mji mama pakaachwa mashamba na miti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Silesia, mashariki mwa Ujerumani ya wakati ule, akasimamia ujenzi wa nyumba za vijijini akiwa na makao Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Hapo alijifunza upande wa pili wa kazi, yaani kujenga kwa fedha kidogo, kwa vipimo vilivyokwisha kuamuliwa, nyumba nyingi zinazofanana.

Mwaka 1924 Frankfurt ilimchagua Ludwig Landmann kuwa meya. Landmann alikuwa Myahudi, mwanasheria, na alikuwa ameandika kuhusu suala la makazi kabla hajashika kiti hicho. Mwaka uliofuata akamwita May nyumbani. Hapa inafaa tukae kidogo, maana watu wakisimulia habari za Frankfurt husifu majengo na kusahau mambo yaliyoyawezesha.

La kwanza lilikuwa fedha. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 uliigeuza sarafu ya Ujerumani kuwa karatasi tupu. Aliyekuwa na akiba benki aliipoteza, lakini mwenye nyumba aliyekuwa na deni la rehani alijikuta deni limeyeyuka huku nyumba imebaki. Serikali ikaona si haki faida hiyo iliyotoka hewani ibaki mikononi mwa wachache. Mwaka 1924 ikaweka kodi maalumu juu ya nyumba za zamani, na sehemu ya mapato yake ikawa mikopo nafuu ya kujengea nyumba mpya. La pili lilikuwa ardhi. Jiji lilikuwa na maeneo yake pembezoni, likanunua mengine, na pale ambapo wenye mashamba walikataa kuuza lilitumia sheria ya kutwaa ardhi kwa fidia. La tatu lilikuwa mamlaka. Katika miji mingi, idara ya ramani, idara ya ujenzi, idara ya bustani na idara ya nyumba hutumiana barua miaka na miaka. Landmann aliziweka pamoja chini ya mtu mmoja, na mtu huyo akawa anajibu maswali mbele ya baraza. Yeyote aliyewahi kufuatilia kibali cha ujenzi katika halmashauri zetu atatambua uzito wa uamuzi huo.

Kwa miaka mitano May alijenga bila kupumzika. Kufikia mwaka 1930 takriban nyumba 12,000 zilikuwa zimesimama, nyingi katika vitongoji vilivyozunguka mji. Kinachojulikana zaidi ni Römerstadt, kilichojengwa 1927 na 1928 kwenye mteremko wa bonde la mto Nidda. Barabara zake zimepinda kufuata mteremko, nyumba zimepangwa ili jua liingie vyumbani, kila familia ya nyumba ya chini ina bustani nyuma, na chini kabisa, penye unyevu wa mto, hapakujengwa. Pakaachwa kwa mashamba madogo ya wakazi. Nyumba zote zilikuwa na umeme, hata wa kupikia, jambo ambalo Ujerumani haikuwa imeliona katika mtaa mzima.

Jikoni kwenyewe kukawa na historia yake. May alimwajiri Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kijana kutoka Vienna. Huyo mama alipima hatua za mtu anayepika, akachunguza jinsi wapishi wa mabehewa ya chakula kwenye treni wanavyohudumia abiria wengi katika chumba chembamba, kisha mwaka 1926 akachora jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Kila kitu kilikuwa karibu na mkono: sinki, meza ya kukatia chini ya dirisha, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, visanduku vya alumini vya unga, mchele na sukari. Kiasi cha majiko 10,000 ya aina hiyo yalitiwa katika nyumba za jiji. Baadhi ya wanawake waliyalalamikia kwamba wawili hawawezi kupishana ndani yake, na kwamba mtoto hana pa kukaa mama anapopika. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Lakini kwa jiko lile mamlaka ya mji ilikubali kwamba kazi ya mwanamke nyumbani ni kazi, yenye saa zake na uchovu wake, na kwamba msanifu ana wajibu wa kuipunguza.

Ili kuharakisha, jiji lilianzisha kiwanda cha mabamba ya zege jepesi, likawatia kazini watu waliokuwa hawana ajira, na kuta za nyumba zikawa zinainuliwa kwa kreni badala ya kupangwa tofali kwa tofali. Si kila kitu kilikwenda sawa. Kitongoji cha Praunheim kilipata nyufa na unyevu. Na kulikuwa na tatizo kubwa kuliko nyufa: pango. Hesabu ya Römerstadt ilipokamilika, pango lake lilikuwa juu ya uwezo wa kibarua wa kawaida. Walioingia walikuwa makarani, walimu na mafundi wenye mishahara. Upinzani ulilisema hilo barazani na kwenye magazeti, na May hakuweza kulikwepa, maana kila mwaka bajeti yake ilirudi mezani kupigiwa kura. Jibu lake lilikuwa kupunguza ukubwa. Mtaa wa Westhausen, ulioanza 1929, ulikuwa na nyumba za mita za mraba 40 na kitu, zenye mistari minyoofu na bila mapambo yoyote, ili pango lishuke. Naona Westhausen haina uzuri wa Römerstadt, lakini naiheshimu zaidi, kwa sababu ilitokana na kulazimishwa kusikiliza.

Mwezi Oktoba 1929 wasanifu wa kisasa kutoka nchi nyingi walikutana Frankfurt kujadili swali moja: ni kiasi gani cha chini cha nyumba ambacho binadamu anastahili? Mkutano ulianza tarehe 24, siku ileile soko la hisa la New York lilipoanza kuporomoka. Ndani ya mwaka mmoja mikopo ilikauka, mapato ya kodi ya nyumba yakaelekezwa kwenye mahitaji mengine ya serikali, na kiwanda cha mabamba hakikuwa na kazi. Mpanga miji anaweza kuwa na ramani safi na wafanyakazi hodari, lakini benki ikifungwa yeye naye amefungwa.

Wakati huo Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukiita wataalamu. Mpango wa Miaka Mitano ulitaka miji ya viwanda ichipuke kwenye nyika, na Moscow ikampa May nafasi ambayo hakuna meya angeweza kumpa: miji mizima, kuanzia sifuri. Oktoba 1930 akaondoka na wenzake wasiopungua kumi na watano, Schütte-Lihotzky akiwa mmojawapo. Kazi iliyojulikana zaidi ilikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma katika milima ya Ural. Alipofika, ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza bila kumsubiri. Wafanyakazi walikuwa kwenye mahema na mabanda. Saruji ilikuwa adimu, mbao adimu, na maagizo yalibadilika kadiri wakubwa walivyobadilika. Hapakuwa na baraza la kupinga, wala gazeti la kulalamika, wala mpangaji wa kukataa nyumba. Palikuwa na lengo la uzalishaji tu. Kisha ladha ya dola ikageukia majumba yenye nguzo na mapambo, na usanifu wa May ukahesabiwa kuwa wa kigeni. Mwishoni mwa 1933 akaondoka.

Kurudi Ujerumani hakukuwezekana. Hitler alikuwa madarakani tangu Januari mwaka ule, na May, mwenye asili ya Kiyahudi kwa upande mmoja wa ukoo na aliyetoka kuwatumikia Wakomunisti, alikuwa adui mara mbili. Walioshirikiana naye Frankfurt walipatwa na makubwa zaidi. Landmann aling'olewa umeya, akakimbilia Uholanzi mwaka 1939, akafa huko Machi 1945 akiwa amedhoofika kwa njaa, wiki chache kabla vita havijaisha. Schütte-Lihotzky alijiunga na upinzani dhidi ya Wanazi, akakamatwa Vienna mwaka 1941, akafungwa hadi vita vilipokwisha. May yeye alichagua Tanganyika, na ndipo tunapokutana naye shambani.

Mwaka 1937 aliuza shamba, akahamia Nairobi, akafungua ofisi ya usanifu. Vita vilipoanza, Waingereza walimtia kizuizini kama raia wa nchi adui, yeye aliyekuwa amewakimbia watawala wa nchi hiyo, akakaa kizuizini takriban miaka miwili. Alipoachiwa aliendelea na kazi. Nairobi alijenga fleti za Delamere. Mombasa alikuja kuchora hoteli ya Oceanic na nyumba za wafanyakazi Waafrika Port Tudor. Kisumu alijenga shule ya wasichana ya Aga Khan. Pia alibuni nyumba ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, yenye mabamba ya zege yanayoning'inizwa juu ya mbavu zilizopinda, umbo lake likikaribia kibanda cha msonge. Ilikuwa Frankfurt iliyohamishiwa ikweta, kiwanda kile kile cha mabamba, isipokuwa hapakuwa na jiji lenye fedha wala nia ya kuzijenga kwa maelfu. Ilibaki kuwa jaribio.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi kubwa kuliko zote alizofanya Afrika: kupanga upanuzi wa Kampala kuelekea mashariki, kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1947.

Ili kuielewa ripoti ile lazima kwanza uijue Kampala ya wakati huo, ambayo kwa kweli ilikuwa miji miwili. Upande wa magharibi palikuwa na Kibuga, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenye kilima cha Mengo, penye ardhi ya mailo, yaani ardhi ya umiliki binafsi, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na chini ya utawala wa Buganda yenyewe. Huko ndiko walikoishi Waafrika wengi wa mjini, wakijenga na kupangisha kadiri walivyoweza. Upande wa pili palikuwa na manispaa ya Waingereza, Nakasero na Kampala ya zamani, ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika alifanya kazi huku, akalala kule. Manispaa haikumhesabu kuwa mkazi; alihesabiwa kama kibarua anayepita.

Na ardhi ilikuwa moto. Januari 1945 Buganda ilikumbwa na migomo na ghasia. Septemba mwaka uleule Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wake, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi akaanguka mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe, siku moja tu baada ya kupitishwa sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa matumizi ya umma, ambayo ilihusishwa na upanuzi wa Chuo cha Makerere. Katika hali hiyo serikali ilitaka mpango ambao ungewaweka wafanyakazi Waafrika mahali panapojulikana, nje ya Kibuga, chini ya macho yake.

May alitembea vilima vile kwa jicho la fundi. Aliona kwamba mabonde ya Kampala yana maji na mbu, akapendekeza yaachwe kuwa nafasi za kijani. Aliona kwamba barabara iliyonyooka ikipanda kilima huwa korongo mvua ikinyesha, akachora barabara zinazozunguka mteremko. Anayepanda Kololo leo anapita katika mizunguko iliyotokana na fikra hiyo. Alipanga vitongoji vyenye shule, soko, ukumbi na viwanja vya michezo, kila kimoja kikiweza kutembelewa kwa miguu. Alisema wazi kwamba Mwafrika atakuwa mtu wa mjini na kwamba mji lazima umpe nyumba ya familia, si kitanda katika bweni. Kwa mwaka 1947, katika koloni la Kiingereza, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini ramani ileile ilimpa kila mtu mahali kwa rangi ya ngozi. Kololo ilikuwa ya Wazungu na Wahindi. Naguru na upande wa mashariki, karibu na viwanda, ilikuwa ya Waafrika. Na katikati yao bonde la kijani lililokuwa linazuia mbu lilikuwa pia linatenganisha watu. Nyumba za Waafrika alizipanga kwa madaraja. Aliamini Mwafrika ataupanda ustaarabu kama ngazi, kuanzia nyumba inayofanana na msonge hadi fleti ya kisasa, na kwamba mtaalamu wa Ulaya ndiye atakayeamua nani yuko daraja la ngapi. Sidhani alikuwa na chuki. Alikuwa na uhakika, na uhakika huo ulikuwa uleule aliokuwa nao Frankfurt. Kule alikuwa pia amewaamulia watu namna ya kupika. Tofauti ni kwamba mke wa fundi wa Frankfurt aliweza kulalamika kwa diwani, diwani akasimama barazani, na mwaka uliofuata nyumba ikabadilika. Mkazi wa Naguru hakuwa na diwani. Hakuna Mwafrika aliyeipigia kura ripoti ile, na Mengo, mji wa Waafrika wenyewe, ulikuwa nje ya mipaka ya kazi aliyopewa. Alipanga nusu ya mji kana kwamba nusu nyingine haipo, kwa kuwa aliyemtuma hakumtuma huko. Kibuga hakikuunganishwa rasmi na jiji hadi mwaka 1968, na wataalamu wa Kampala hadi leo wanahangaika na mshono ule.

Mpango haukutekelezwa wote. Barabara za Kololo zilijengwa, na miaka michache baadaye serikali ikajenga mitaa ya nyumba za wafanyakazi Naguru na Nakawa, kwa michoro ya kawaida kuliko aliyoikusudia May. Vitongoji vyenye kumbi na bustani vilibaki kwenye karatasi. Mgawanyo wa watu ndio uliotekelezwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu haukuhitaji fedha.

Linganisha na Moshi. Wakulima wa Kichagga walianza kujipanga pamoja kwa ajili ya kahawa tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaundwa ushirika uliojulikana kote kwa herufi zake, KNCU. Mwishoni mwa miaka ya 1940 bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na ushirika ukaamua kujenga makao yake makuu mjini Moshi. Hawakutaka ofisi tu. Walitaka hosteli, maktaba, ukumbi, maduka, mahali pa kufundishia biashara. May akapewa kazi. Jengo likakamilika mwaka 1952: ghorofa kadhaa, vibaraza virefu vya kukinga jua, hewa ikipita kutoka upande hadi upande, na paa ambalo mtu akisimama juu yake siku isiyo na mawingu anauona Kilimanjaro wote. Katika mji ambao majengo makubwa yalikuwa ya serikali au ya wafanyabiashara wageni, hili lilikuwa la wakulima, limelipiwa kwa buni zao. Ni kweli kwamba ushirika wenyewe ulisimamiwa kwa karibu na serikali ya kikoloni na ulikuwa na meneja Mzungu. Hata hivyo mteja alikuwa na wanachama, wanachama walikuwa na mikutano, na fedha zilikuwa zao. Katika jengo lile huoni Mwafrika wa daraja la ngapi. Unaona maktaba, kwa kuwa wenye jengo walisema wanataka maktaba. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora katika Afrika Mashariki, na si ajabu kwamba ndiyo inayotumika hadi leo bila kuhitaji kuelezewa.

Wakati huo Kenya, alikokuwa akiishi, ilikuwa imeingia katika hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Karibu na mwanzo wa mwaka 1954, akiwa na miaka 67, May alirudi Ujerumani, nchi aliyoiacha ikiwa nzima na kuikuta imebomolewa. Kampuni ya Neue Heimat, mali ya vyama vya wafanyakazi, ilimfanya mkuu wa mipango huko Hamburg. Kazi yake mojawapo ilikuwa Altona, mtaa uliounguzwa na mabomu mwaka 1943. Baadaye akashiriki kupanga Neue Vahr mjini Bremen, nyumba 10,000 zilizojengwa kati ya 1957 na 1962. Watu walikuwa wakilala kwenye vyumba vya chini ya magofu. Mwenye kuwapa fleti yenye bafu na joto hawezi kulaumiwa kwa haraka. Ila vitongoji vyenyewe vilikuwa vimekua mno. Ile nyumba yenye bustani yake nyuma ikawa ghorofa ndefu katika uwanja wa nyasi, na wapangaji walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyewajua.

Kazi za mwisho zilikuwa za serikali za mitaa tena: Mainz, kisha Wiesbaden, ambako mpango wake ulitoka mwaka 1963. Wiesbaden haikuharibiwa na vita kama miji mingine. Ilikuwa na majumba ya kifahari ya karne ya 19 na, karibu na kanisa la mlimani, mtaa wa mafundi na watu wa kipato cha chini wenye nyumba zilizobanana. May aliyachukia majengo ya karne ile tangu ujana wake. Kwake yalikuwa mapambo ya uongo yaliyoficha vyumba vya giza. Akapendekeza mtaa wa kanisa la mlimani ubomolewe na kujengwa upya, na eneo la majumba ya kifahari mashariki mwa katikati ya mji lipishe maghorofa ya ofisi na barabara za magari.

Safari hii hakuulizwa na diwani mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wakazi, wanafunzi na vijana wa chama cha Social Democratic, chama kilekile kilichotawala jiji, walikuwa wameanza kuupinga mpango. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu: watu wanaishi hapa, pango ni nafuu, nyumba zinaweza kukarabatiwa, na hakuna aliyetuuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya ubomoaji ikaachwa, na mwaka 1974 jimbo la Hessen likapata sheria mpya ya kulinda majengo ya kihistoria. Mtaa wa kanisa la mlimani ungalipo na watu wake wanaishi humo. May hakuyaona yote hayo. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na miaka 84.

Römerstadt nayo imekatwa na barabara kuu ya magari, lakini nyumba zinakaliwa, na mojawapo imefanywa makumbusho yenye jiko la Schütte-Lihotzky ndani yake. Naguru ilikuwa na hatima nyingine. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilifikia makubaliano na mwekezaji ili mitaa ya Naguru na Nakawa ijengwe upya kuwa mji wa kisasa wenye fleti, ofisi na hoteli, na wapangaji waliokuwapo wakaahidiwa kipaumbele katika fleti mpya. Julai 2011 nyumba zilibomolewa, na familia zaidi ya 1,700 zikaondolewa, nyingine zikiwa zimekaa pale vizazi vitatu. Wapangaji walikuwa wamekwenda mahakamani kabla ya hapo. Kesi ziliahirisha ubomoaji, hazikuuzuia. Kisha ardhi ikakaa. Majani yakaota juu ya misingi ya nyumba kwa miaka, mkataba na mwekezaji ukavunjwa, viwanja vikagawiwa wawekezaji wengine, na mwaka 2022 kamati maalumu ya bunge ikatoa ripoti kuhusu jinsi ugawaji huo ulivyofanywa. Mabishano yakawa kati ya waziri, tume ya ardhi, wabunge na makampuni, kuhusu nani alistahili ekari ngapi. Waliokuwa wakiishi Naguru walikwisha kutawanyika Kampala nzima, wakipanga vyumba popote walipoweza kumudu.